Nyama mbichi ndotoni: usurealisti wa Wahispania na Waamerika ya Kilatini haukuwa mchezo wa walioshiba (uzi mrefu)

Mleta uzi

Habari za usiku, wakuu.

Nimefundisha fasihi sekondari miaka kumi na minne, na kuna kauli moja inanikera kila ninapoisikia: kwamba usurealisti ni michezo ya watu walioshiba. Saa zinazoyeyuka, tembo wenye miguu ya mbu, basi. Nimeisikia kwenye semina za walimu na humu ndani nimeisoma zaidi ya mara moja. Leo nimeamua kusema nionavyo: kwamba ilikuwa sanaa ya kutetea wanyonge na kudai mabadiliko ya jamii. Mwenye hoja aje nayo.

Kwa asiyelijua neno lenyewe: mwaka 1924 mshairi André Breton alitoa ilani mjini Paris akiwataka wasanii wasitawaliwe na akili ya mchana, waandike na kuchora kama ndoto inavyokuja, bila kuisahihisha. Ilani hiyo ilipowafikia watu wa lugha ya Kihispania, kule Madrid, Havana, Mexico na Santiago, iliangukia udongo mwingine kabisa. Huko kulikuwa na wakulima wasio na ardhi, watoto wa majalalani na wajukuu wa watumwa, na kwa Hispania ikaja vita ya wenyewe kwa wenyewe, 1936 hadi 1939. Mtu wa hali hiyo akilala anaota nini? Anaota nyama.

Sisemi kwa mafumbo. Luis Buñuel, Mhispania aliyekuwa uhamishoni, alitoa filamu Meksiko mwaka 1950 iitwayo Los olvidados, yaani Waliosahauliwa, juu ya watoto wa mitaa duni ya jiji la Mexico. Kuna mtoto humo anaitwa Pedro. Mama yake amemnyima chakula: kachoka, ana wengine wa kulisha, na huyu anashinda na wahuni. Usiku Pedro analala, na picha inaanza kwenda polepole. Manyoya ya kuku yanadondoka kutoka juu. Mama anainuka kitandani na gauni jeupe la kulalia, anamjia mwanawe kwa upole ambao mchana hana, na mtoto anamuuliza mbona siku ile hukunipa nyama. Mama anageuka, na mikononi ana pande la nyama mbichi linaning'inia. Anamnyooshea. Pedro anaponyoosha mkono, mkono mwingine unatoka uvunguni mwa kitanda na kulinyakua. Ni mkono wa Jaibo, kijana mkubwa aliyemuua mwenzao Pedro akiona.

Filamu hiyo niliwaonyesha wanafunzi wangu mara moja, kwa projekta ya kuazima na shuka ukutani. Ilipofika hapo kijana mmoja wa nyuma, mkimya sana, akasema bila kunyoosha kidole: "Mwalimu, hiyo ni kweli. Ukilala na njaa chakula unakiota, ila hukili." Sikuendelea kufundisha kipindi kile. Niliwaacha wakazungumza wao.

Mpiga picha wa gazeti angetuonyesha mtoto mwembamba na bakuli tupu, tukamhurumia na kufungua ukurasa wa pili. Buñuel aliingia mpaka usingizini mwa mtoto, akakuta njaa, mama na muuaji wote wako kitanda kimoja. Ndiyo maana filamu iliwaudhi wakubwa na wadogo. Msusi aliyekuwa akiwatengeneza nywele waigizaji aliacha kazi siku walipopiga ile sehemu ya mama kumnyima mwanawe chakula, akisema hakuna mama wa Kimeksiko anayeweza kufanya hivyo. Sinema ziliiondoa baada ya siku chache tu. Mwaka uliofuata ikapelekwa tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa. Mshairi Octavio Paz akaandika maelezo ya kuitetea na kuyagawa mwenyewe kwa watu pale tamashani, na Buñuel akapewa tuzo ya mwongozaji bora. Ndipo Mexico wakaikubali. Mwaka 2003 UNESCO iliiweka katika orodha yake ya kumbukumbu za dunia.

Nitaendelea na Lorca, mshairi wa Hispania. Karibuni.

Mchangiaji, Mombasa

Mwalimu, shukran kwa uzi. Ila usitufiche upande mmoja. Huyo mchoraji Dalí, ambaye ndiye jina kubwa la usurealisti kwa watu wengi, si alikuja kumsifu Franco, yule jenerali aliyeshinda vita ya Hispania na kuitawala kidikteta? Sasa hapo wanyonge wametetewa vipi?

Mleta uzi

Ndugu yangu wa Mombasa, ni kweli tupu, na sina nia ya kumsafisha. Dalí alirudi Hispania ya Franco, akamsifu, akaishi vizuri. Wenzake walikuwa wameshamtenga. Breton alizipangua herufi za jina lake zikasomeka Avida Dollars, yaani mwenye uchu wa dola.

Lakini huo ndio ushahidi kwamba njia yenyewe haina chama. Ndoto haimfanyi mtu kuwa mwema. Buñuel na Dalí walikaa hosteli moja ya wanafunzi mjini Madrid, Residencia de Estudiantes, pamoja na Federico García Lorca. Mwaka 1929 Buñuel na Dalí walitengeneza pamoja ile filamu fupi ya wembe unaokata jicho. Miaka minne baadaye, 1933, Buñuel alikuwa milima ya Las Hurdes, eneo la Extremadura, akipiga filamu ya watu maskini kiasi kwamba mkate kwao ulikuwa kitu adimu. Fedha alipewa na Ramón Acín, mwalimu wa kuchora wa mji wa Huesca na mtu wa chama cha wafanyakazi, aliyekuwa amemwahidi rafiki yake: nikishinda bahati nasibu nitakulipia hiyo filamu. Akashinda, na ahadi akaitimiza. Serikali ya Jamhuri, iliyotawala Hispania kabla ya Franco na kujiita ya wananchi, iliipiga filamu marufuku kwa sababu inaiaibisha nchi. Agosti 1936 wanajeshi walioasi wakampiga Acín risasi, na mkewe wakamuua mwezi huohuo.

Kuna kitu kwenye filamu ile kinaniumiza, na nakisema kwa kuwa naipenda. Buñuel alipanga baadhi ya matukio. Yule mbuzi anayeanguka jabalini alipigwa risasi. Ukitazama vizuri moshi wa bunduki unaonekana pembeni mwa picha. Watu wa Las Hurdes walibaki na uchungu miaka mingi kwa jinsi walivyoonyeshwa duniani. Mtetezi wa maskini naye anaweza kumdhalilisha maskini. Kwa Los olvidados nadhani alikuwa amejifunza: kabla ya kupiga picha alizunguka mitaa ile kwa miezi, amevaa nguo kuukuu, akisikiliza.

Mleta uzi

Lorca sasa.

Mwaka 1928 alikuwa tayari maarufu Hispania nzima kwa mashairi yake ya Wajipsi wa Andalusia, yenye mizani na vina ambavyo hata mzee wa tenzi angevitambua kuwa ni kazi ya fundi. Juni 1929, akiwa na miaka 31, akapanda meli kwenda New York, akajiandikisha Chuo Kikuu cha Columbia kusoma Kiingereza ambacho hakukijua vizuri mpaka mwisho. Oktoba mwaka huo soko la hisa likaanguka, naye yupo. Mizani ikamvunjikia mkononi. Mashairi aliyoandika kule yalitoka kitabu kizima mwaka 1940, miaka minne baada ya kuuawa kwake.

Angalieni alichokiona Harlem, mtaa wa watu weusi wa New York. Wenyeji wengine wa mji waliona bawabu mweusi mlangoni, mwenye sare na vifungo. Lorca anaandika juu ya mfalme mkuu aliyefungwa ndani ya sare ya bawabu. Basi, mstari mmoja. Hakuna takwimu ya mishahara wala hotuba juu ya ubaguzi, lakini ukishausoma huwezi tena kupita mlangoni pa jengo kubwa ukamwona mlinzi kama sehemu ya mlango.

Halafu kuna shairi lake la maofisini. Linasema chini ya hesabu za kuzidisha kuna tone la damu ya bata. Chini ya kugawanya kuna tone la damu ya baharia. Anaendelea kuhesabu: kila siku New York huchinjwa bata milioni nne, nguruwe milioni tano, ng'ombe milioni moja. Msimkague kwa kikokotoo. Analolifanya ni kuichukua lugha ya wahasibu, lugha iliyokuwa imewaangusha watu Oktoba ile, na kuibana mpaka itoe damu. Mimi sijui njia ya uhalisia wa kawaida ambayo ingesema hilo kwa mistari miwili.

Na huyu mtu hakuishia kwenye karatasi. Mwaka 1932, chini ya Jamhuri, aliongoza kundi la maigizo la wanafunzi liitwalo La Barraca. Walivaa maovaroli ya buluu kama mafundi, wakapakia jukwaa kwenye lori, wakaenda vijiji ambavyo havijawahi kuona tamthilia, wakacheza kazi za Cervantes, Lope de Vega na Calderón bure uwanjani. Agosti 1936 alikamatwa Granada na kupigwa risasi bila kesi, karibu na kijiji cha Víznar. Mwili wake haujapatikana hadi leo.

Mchangiaji, Dar

Dada yangu anasoma sanaa ananiambia Frida Kahlo ndiye msurealisti mkubwa wa Meksiko. Mbona humtaji?

Mleta uzi

Kwa sababu mwenyewe alilikataa jina hilo. Breton alifika Meksiko mwaka 1938 na kumtangaza kuwa msurealisti, na picha yake ya Frida wawili ikatundikwa kwenye maonyesho ya kimataifa ya wasurealisti, Mexico, Januari 1940. Lakini alikuja kusema kwamba hakuwahi kuchora ndoto. Alichora uhalisia wake. Namheshimu hapo. Mwambie dada amtafute pia Remedios Varo, Mhispania aliyekimbilia Meksiko mwaka 1941, na Maruja Mallo wa Galicia, ambaye aliwahi kupigwa mawe Puerta del Sol, katikati ya Madrid, kwa kosa la kuvua kofia hadharani akiwa na Lorca, Dalí na rafiki yao mwingine wa kike. Kofia tu! Mwanamke wa heshima hakutembea kichwa wazi. Wanawake hawa wanastahili uzi wao wenyewe.

Mchangiaji, Lubumbashi

Mwalimu, mimi naandika kutoka Lubumbashi. Nimesikia kuna mchoraji wa Kuba mwenye asili ya Kongo. Ni kweli ama ni maneno ya mtandaoni tu?

Mleta uzi

Ni kweli, ndugu, na nilikuwa namngojea mtu aulize.

Wifredo Lam alizaliwa mwaka 1902 Sagua la Grande, mji wa mashamba ya miwa. Utumwa Kuba ulikomeshwa 1886, kwa hiyo mzee yeyote aliyekutana naye njiani utotoni angeweza kuwa aliwahi kumilikiwa. Baba yake alikuwa Mchina. Mama yake alikuwa na damu ya Wakongo waliopelekwa utumwani na damu ya Wahispania. Mama yake wa ubatizo, Mantonica Wilson, alikuwa kuhani wa Santería, dini ya wana wa Afrika kisiwani, na mtoto alikulia karibu na ibada zake.

Mwaka 1923 alikwenda Hispania kusomea uchoraji, na vita vilipokuja akaingia upande wa Jamhuri. Madrid alifanya kazi katika kiwanda cha silaha, kemikali zikamdhuru, akalazwa. Kutoka hapo akaenda Paris mwaka 1938 akapokelewa na Picasso, kisha akafahamiana na Breton na wenzake. Wajerumani walipoingia Ufaransa akakimbia, na mwaka 1941, baada ya miaka 18, akarudi Kuba. Akakuta Havana imekuwa mahali pa watalii kustarehe, na watu weusi wako palepale alipowaacha.

Mwaka uliofuata akaanza picha inayoitwa La jungla, Msitu, akaimaliza 1943. Ni kubwa, karibu mita mbili na nusu kila upande, imechorwa juu ya karatasi iliyobandikwa kwenye turubai. Ukiitazama mara ya kwanza unaona mashina ya miwa yamesongamana. Ukikaa nayo, mashina yanakuwa miguu. Miguu ina nyayo kubwa mno, nyayo za mtu aliyesimama shambani peku maisha yake yote. Juu kuna nyuso kama vinyago vya Kiafrika, moja kama mwezi mwandamo. Makalio, matiti, majani, vyote vimeungana hata huoni mtu anaishia wapi na muwa unaanzia wapi. Na kwenye kona ya juu, kulia, kuna mkono umeshika mkasi.

Jina linasema msitu, lakini muwa haumei msituni. Muwa hupandwa, kwa mistari, na mtu anayesimamiwa. Wale viumbe wamesimama kwenye shamba lililowamiliki babu zao, wamekuwa shamba lenyewe, na sasa wanatutazama. Lam alieleza baadaye kwamba alikataa kuchora cha-cha-cha ya kuwafurahisha watalii. Alitaka kuwa kama farasi wa Troya, yule wa mbao wa hadithi za Wagiriki aliyeficha askari tumboni, atoe ndani yake maumbo ya kuvuruga ndoto za wanyonyaji.

Jumba la Sanaa za Kisasa la New York liliinunua mwaka 1945. Miaka mingi likaitundika kwenye ukumbi wa kuingilia, karibu na mahali wageni wanapoacha makoti yao.

Mchangiaji, Nairobi

Nimesoma yote na nimejifunza, Mwalimu. Lakini acha nikuulize kwa ukweli. Lorca aliuawa. Jamhuri ilishindwa. Franco akatawala hadi kufa kwake 1975. Wewe unasema sanaa na mabadiliko ya jamii. Mabadiliko yako wapi? Mkulima wa Las Hurdes alipata mkate kwa sababu ya filamu?

Mleta uzi

Swali zito, na sitalizunguka. Hapana, filamu haikumpa mkate. Hakuna shairi lililosimamisha ndege zilizouteketeza mji wa Guernica, Hispania, tarehe 26 Aprili 1937. Picasso alichora picha yake baada ya mji kuungua.

Ila nakuomba utazame upande wa pili, upande wa wenye bunduki. Roberto Matta, Mchile, alikuwa mmoja wa wasurealisti wa Breton tangu miaka ya 1930. Mwaka 1971, rais wa mrengo wa kushoto Salvador Allende akiwa madarakani Chile, Matta alikwenda La Granja, eneo la watu wa kipato cha chini kusini mwa Santiago, na pamoja na vijana wa Brigada Ramona Parra, waliokuwa wakipaka rangi kuta za mitaani, akachora ukutani pale kwenye bwawa la kuogelea la umma. Picha ikaitwa goli la kwanza la wananchi wa Chile. Viumbe vyake vya ajabu, visivyo watu wala wadudu, vinacheza mpira. Hakuna bendera humo wala kauli mbiu ya chama inayomtisha mtu.

Septemba 1973 jeshi likapindua nchi. Ukuta ule ukafunikwa kwa rangi, kisha tena, na tena. Mafundi walipoanza kuufukua mwaka 2005 walikuta tabaka 16. Walikwangua kidogo kidogo, eneo la kiganja baada ya kiganja, na mwaka 2008 picha ikafunguliwa tena kwa watu. Mtu hapaki rangi mara 16 juu ya kitu kisichomsumbua. Hilo halikujibu swali la mkate, Mkuu, nakubali. Lakini linajibu swali la kama walikuwa wakicheza.

Mchangiaji, Mombasa

Nimerudi. Nina moja la mwisho. Nimewahi kusoma kwamba mshairi César Vallejo wa Peru aliwaponda hao wasurealisti. Utamweka wapi?

Mleta uzi

Nitamweka mwisho, kwa sababu ndiye ninayempenda kuliko wote.

Ulivyosoma ni sahihi. Mwaka 1930 Vallejo aliandika makala akiwapasua wasurealisti wa Paris kama daktari anavyopasua maiti. Aliwaona wanapiga domo la mapinduzi huku wakigombana wao kwa wao. Na alikuwa na haki ya kusema. Kitabu chake Trilce, kilichovunja sarufi ya Kihispania vipande vipande, kilitoka 1922, miaka miwili kabla ya ilani ya Breton, na sehemu yake aliiandika gerezani Trujillo alikokaa siku 112. Hakumuazima mtu ndoto.

Vita vya Hispania vilimmaliza. Alifariki Paris Aprili 1938, vita havijaisha. Miongoni mwa mashairi aliyoyaacha kuna moja, la tarehe 10 Novemba 1937, liitwalo Masa, yaani Umma. Mapigano yamekwisha na mpiganaji amekufa. Anakuja mtu mmoja anamwambia usife, nakupenda sana. Lakini maiti, ole, inaendelea kufa. Wanakuja wawili, wanamsihi arudi kwenye uhai. Wanakuja ishirini, mia, elfu, laki tano, na maiti inaendelea kufa. Wanakuja mamilioni. Mwishowe wanakuja watu wote wa dunia.

Nimekuwa nikilitafsiri kwa miezi na nimekwama kwenye neno moja dogo, labda nyinyi wa Pwani mtanisaidia. Maiti. Niseme "maiti ikaendelea kufa" au "maiti akaendelea kufa"? Vallejo kwa lugha yake hakulazimika kuamua kama huyo aliyelala pale bado ni mtu. Sisi sarufi inatulazimisha.

Mchangiaji, Mombasa

Kwetu utasikia yote mawili, Mwalimu. Bibi yangu akiosha maiti alisema "a", hakuwahi kusema "i". Alisema maiti anasikia maji yakiwa baridi.

Mleta uzi

Basi umenifungua, ndugu yangu. Nitaacha "i" beti zote, akija mmoja, wakija ishirini, wakija mamilioni. Beti ya mwisho nitabadilisha:

Hapo watu wote wa dunia
wakamzunguka; maiti akawaona, mnyonge, moyo umemjaa;
akainuka polepole,
akamkumbatia yule wa kwanza, akaanza kwenda...